Miaka minne na nusu kwa stesheni moja? Mama wa Ngamiani anauliza, mhandisi wa udongo anajibu

SWALI: Mwanangu, mi niko hapa Tanga, Ngamiani. Binti yangu yuko Toronto, Kanada, ana saluni ya kusuka, kakodi chumba mtaa wa pembeni tu na barabara yao kubwa inaitwa Queen. Hiyo barabara imefungwa tangu 2023, wanajenga stesheni ya treni ya chini ya ardhi, na waliambiwa miaka minne na nusu. Kwa stesheni moja! Huku kwetu lami inamwagwa mtaa mzima na tunakanyaga kabla mvua hazijarudi, mi naona huo ni ulaji tu. Wateja wamepungua, anasema jengo linatetemeka, na mwenye nyumba anataka asaini mkataba mwingine wa miaka mitano. Atalipwa fidia? Jengo halitamdondokea? Abaki au arudi? Na balaa hili halitafika na huku Tanga?

JIBU: Shikamoo mama. Naanza na hilo la ulaji maana naona ndo limekukaa rohoni. Miaka minne na nusu kwa stesheni ya aina ile, mahali pale, ni muda wa kawaida kabisa, tena wangesema miwili ndo ningekwambia mwanao amedanganywa. Kazi yangu mimi ni mashimo marefu, udongo na maji yanayojificha ndani yake, kwahiyo nivumilie kidogo nikueleze huko chini kunafanyika nini, alafu tuje kwenye hela, maana kwenye hela ndo kuna uamuzi wa kufanya sasa hivi.

Kwanza ujue treni yenyewe haifungi barabara. Mashine inayochimba handaki inapita huko chini kabisa na watu juu wanaendelea na chai yao, wengi hata hawajui imepita lini. Kinachofunga barabara ni stesheni, kwasababu stesheni ni ghorofa linalojengwa kwenda chini. Lina ngazi za umeme, lifti, vyumba vya transfoma, mafeni makubwa ya kuvuta moshi kukitokea moto, njia za kukimbilia, vyoo, kila kitu. Sasa hayo yote yanashukia wapi, na udongo unatokea wapi? Lazima kuwe na tundu kubwa juu, na katikati ya jiji kila kipande kina jengo la mtu, sehemu pekee isiyo na paa ni barabara. Ndo maana Queen imefungwa kwa magari kuanzia mtaa wa Bay mpaka Victoria, tangu tarehe 1 Mei 2023. Njia za waenda kwa miguu zimeachwa, na Yonge ambayo inaikata Queen pale katikati magari yanapita, tramu ndo zimehamishiwa mitaa ya jirani. Mwambie binti alishike hilo la waenda kwa miguu, nitalirudia.

Alafu pale Queen pana jambo jingine ambalo sehemu nyingi halipo. Chini ya Yonge kuna reli ya chini ya ardhi ya zamani, ilifunguliwa 1954, na stesheni yake ya Queen inatumika mpaka leo hii, watu wanapanda na kushuka kila siku. Wale wazee waliojenga miaka ile walichimba na chumba kingine chini ya hiyo stesheni, wakitegemea siku moja watapitisha tramu chini ya ardhi, na hakijawahi kupokea hata tramu moja. Sasa hii reli mpya, inaitwa Ontario Line, kilomita 15.6 na stesheni 15, inabidi ipite chini ya vyote viwili. Mama, hiyo ni sawa na kuchimba kisima chini ya kitanda na mgonjwa amelala juu, humhamishi wala humuamshi. Treni za juu lazima ziendelee kutembea, na reli ikishuka milimita chache tu zinapunguzwa mwendo au zinasimamishwa. Kwahiyo unachimba kidogo, unaweka zege, unapima, unasubiri, unachimba tena kidogo. Ukienda haraka unaua watu.

Na kabla hata koleo la kwanza la shimo halijaingia kuna kazi ambayo mpita njia haioni na inakula muda mwingi, kuhamisha mabomba. Huku kwetu mtaa wa Ngamiani ukiufukua unakutana na bomba la maji futi chache tu, waya wa simu wa zamani, mtaro, basi, umemaliza. Katikati ya Toronto kuna bomba la maji safi (tena limezikwa chini sana kwasababu baridi yao inagandisha ardhi, bomba likiwa juu linapasuka), kuna la maji taka, gesi, umeme mkubwa, nyaya za intaneti, mabomba ya mvuke wa kupasha joto maofisi, na tangu 2004 kuna na mabomba yanayoleta ubaridi wa maji ya ziwani kupoza majengo wakati wa joto. Kila bomba lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana mafundi wake, kibali chake na ratiba yake, na hakuna anayekubali bomba lake likatwe kabla jipya halijaanza kufanya kazi. Mapya yanalazwa pembeni, yanapimwa, wateja wanahamishwa, ndo la zamani linatolewa. Mtu anapita anaona uzio na vibarua watatu wamesimama anasema hawa wanalala tu kazini, kumbe wanasubiri fundi wa gesi.

Mabomba yakishatoka ndo unajenga kuta za shimo, na zinajengwa kabla ya kuchimba, hapo wengi huwa hawaamini. Unatoboa matundu marefu yanayoshikana moja na jingine, unashusha nondo, unamwaga zege, mpaka umezungusha ukuta mzima ndani ya ardhi. Ndo unaanza kutoa udongo katikati, na kila ukishuka hatua unaweka mihimili ya chuma inayosukuma ukuta wa huku na wa kule zisije zikafunga kama mdomo. Toronto wana bahati kidogo hapo, chini ya ule udongo wa juu kuna mwamba wa tabaka tabaka ambao unasimama vizuri ukiuheshimu. Ukifika chini unageuka, unajenga sakafu, kuta za ndani, dari, unafukia juu, unarudisha mabomba, unarudisha reli za tramu, unamwaga lami. Kwahiyo barabara kufunguliwa na stesheni kufunguliwa ni tarehe mbili tofauti, magari yanaweza kurudi na chini mafundi umeme bado wana miaka. Binti akisikia kwenye taarifa ya habari kwamba reli imechelewa asizimie, aulize barabara inafunguliwa lini.

Utaniuliza kwani hakuna njia ya kuchimba na huku watu wanapita? Ipo, tena ya zamani. Reli ya kwanza kabisa ya chini ya ardhi duniani, London, ilifunguliwa Januari 1863, waliifukua barabara wakajenga handaki wakafukia, na vurugu zake zilikuwa hizi hizi. Toronto wenyewe walipojenga ile ya Yonge kuanzia 1949 walitandika mihimili ya chuma na mbao nene juu ya shimo, magari na tramu yakapita juu ya mbao na vibarua wako chini. Vancouver kwenye mtaa wa Broadway wamefanya mtindo huo huo miaka hii. Unafaa pale shimo linapokuwa la kina cha wastani na barabara ni pana. Queen ni nyembamba, na chini yake kuna yule mgonjwa amelala. Mi ningekuwa meza ile ningefunga pia, na ningenuniwa pia.

Haya, jengo. Kutetemeka ambako binti anakusikia ni mashine za kutoboa na za kuvunja zege, na mwili wa binadamu unahisi mtikisiko mdogo sana, mdogo mara nyingi kuliko ule wa kupasua ukuta. Kikombe kinalia kabatini, mtu anakosa usingizi, jengo liko salama. Sisi hatuogopi sana mtikisiko, tunaogopa maji. Angalia Cologne, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009: walikuwa wanachimba kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi, ukuta wa shimo ulikuwa na kasoro mahali mafundi waliposhindwa kuondoa jiwe, maji yakapita pale na mchanga, na jengo la nyaraka za kale la mji likaporomoka pamoja na nyumba za jirani. Vijana wawili wakafa. Mwaka mmoja nyuma, 2008, Amsterdam ukuta wa stesheni ya Vijzelgracht ulivuja, nyumba za zamani za karne na karne zikashuka sentimita kadhaa watu wakahamishwa. Zote mbili hadithi ni ile ile, tundu dogo ukutani, maji yanabeba mchanga, na udongo ulioshikilia nyumba unaondoka bila kelele.

Sikutishi mama. Matukio hayo yanafundishwa kila mahali, na ndo yanafanya siku hizi kila jengo linalozunguka shimo linabandikwa vioo vidogo vya kupimia na mashine inavisoma mchana na usiku. Binti akiangalia kuta za mtaa wake ataviona. Anachotakiwa kukitafuta ni ile ripoti ya hali ya jengo kabla ya ujenzi: mkandarasi huwa anapita na kamera anapiga picha nyufa zote zilizokuwepo. Amuombe mwenye nyumba nakala. Na yeye mwenyewe leo hii apige picha dari, pembe za milango, sakafu, aweke sarafu pembeni ya kila ufa ili ukubwa uonekane. Ufa ukiongezeka, au mlango uliokuwa unafunga vizuri ukaanza kukwama, hapo ndo apige simu ya mradi siku hiyo hiyo na aandike kwa maandishi pia.

Sasa hela, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Asitegemee fidia. Sheria za kule, na za kwetu pia ukitaka kujua, zinamlipa hasa yule ambaye ardhi au jengo lake limechukuliwa. Kwetu sheria ya ardhi ya 1999 inahesabu mpaka usumbufu, usafiri na faida iliyopotea, lakini ni kwa anayehamishwa. Wewe uliyebaki na duka lako mbele kuna uzio, wateja wamepotea, wewe ni jirani, na jirani anaambiwa avumilie maendeleo.

Ila mlango haujafungwa wote, na kesi mbili za Kanada zinaonyesha upana wake. Vancouver, wakati wanajenga reli iliyofunguliwa Agosti 2009, waliuchimba mtaa wa Cambie wazi, na mama mmoja mwenye duka la nguo za wajawazito akaenda mahakamani. Mwaka 2009 jaji akampa dola 600,000. Mtaa mzima ukashangilia! Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaifuta, kwa hoja kwamba mradi ulikuwa na ruhusa ya sheria na ile adha haikuepukika. Kesi ya pili ni ya Ontario kwenyewe, jimbo la binti: kituo kimoja cha malori kando ya barabara kuu kilikufa baada ya serikali kujenga barabara mpya na kuwafungia wateja njia ya kuingia, na mwaka 2013 mahakama ya juu ya Kanada ikaamua walipwe, karibu dola 393,000. Tofauti yake iko hapo kwenye muda: yule wa malori alizibwa moja kwa moja. Mahakama ilisema wazi kwamba adha ya ujenzi wa muda, wananchi kwa kawaida wanatakiwa kuibeba, labda iwe imezidi kiasi ambacho si haki mtu mmoja akibebeshwe. Sasa "imezidi kiasi" unaithibitisha kwa nini? Kwa daftari. Mauzo ya kila mwezi kabla ya Mei 2023 na baada, wateja walioghairi na sababu yao, siku ambazo njia ya miguu ilizibwa kabisa, picha zenye tarehe. Na sheria yao ya utwaaji ardhi inamhesabu mpangaji kama mwenye haki pia, ila dai la aina hii linaandikwa ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au yajulikane. Barabara ilifungwa 2023, kwahiyo kwa mambo ya mwanzo huenda saa imeshampita, aende kwa mwanasheria wa mambo hayo wiki hii amuulize kuhusu hayo ya karibuni, asisubiri barabara ifunguliwe.

Yule anayeweza kumlipa kwa uhakika ni mwenye nyumba, mama. Najua ni ajabu kusikia, lakini fikiria: anataka asaini miaka mitano kwa bei ya mtaa uliochangamka na mtaa umelala. Nani mwingine atakodi chumba hicho sasa hivi? Binti ana nguvu kuliko anavyodhani. Aombe kodi ishuke mpaka barabara ifunguliwe kwa magari, na maneno yaandikwe hivo hivo, "mpaka barabara ifunguliwe kwa magari", yasiandikwe kwa tarehe, maana tarehe za miradi hii huwa zinateleza. Aombe na kifungu cha kutoka: barabara isipofunguliwa mpaka mwezi fulani wanaokubaliana, anaweza kuvunja mkataba bila faini. Mwenye nyumba akikataa vyote viwili, basi asisaini mitano, aombe mmoja mmoja.

Nasema hivi kwasababu ya yaliyotokea mji huo huo, mtaa wa Eglinton. Reli yao ilianza kujengwa 2011, wakaahidiwa 2020, ikapita, ikapita tena, miaka na miaka. Katikati ya njia hiyo kuna mtaa wa Wajamaika, umejaa vinyozi na saluni na migahawa ya watu weusi, biashara za familia za miaka mingi, na nyingi zilifunga kabla treni haijaja. Wengi waliamini tarehe ya kwanza, wakakopa wakisubiri, tarehe ikasogea, wakakopa tena. Iliwaua ahadi kuliko uzio.

Lakini binti yako anasuka, na hapo mi nina matumaini. Duka la maji na sigara linaishi kwa mpita njia, likizibwa mbele linakufa. Msusi haishi kwa mpita njia, nani anapita barabarani anaamua ghafla akae masaa sita asukwe rasta? Wateja wake wanakuja kwa miadi na wanamfuata yeye, hawafuati kibao. Kilichowapunguza kwa kiasi kikubwa ni usumbufu wa kufika, na huo unatibika. Ile stesheni ya zamani ya Queen inafanya kazi, na njia ya miguu ipo, kwahiyo kila anayeweka miadi atumiwe ujumbe mfupi wa sauti, shuka stesheni fulani, toka mlango fulani, pita upande huu wa uzio, na picha ya mlango wa jengo. Aangalie kila wiki maana uzio unahamahama. Kwenye ramani ya simu ahakikishe saluni haijaandikwa imefungwa, hilo linatokea sana barabara ikifungwa. Na wale wenye magari awapangie siku ambazo kazi ya kelele haipo, ratiba ya kelele mradi unaitoa kwa majirani, ajiandikishe apokee.

Umeuliza pia kama balaa hili litafika Tanga. Halitafika kwa njia hiyo, tulia. Mji wetu ni tambarare, baiskeli inakufikisha kila kona, na chini tumekalia mawe ya chokaa na matumbawe, mapango ya Amboni unayajua, maji yenyewe yako karibu, kuchimba stesheni hapo ni kutafuta ugomvi. Hata Dar na msongamano wake wote, treni ya SGR imeingizwa mjini kwa daraja refu linalopita juu Ilala, haikuzikwa. Ya kwetu yatakuwa mitaro na mabomba, na hapo mwenye barabara ni TARURA kwa mitaa na TANROADS kwa zile kuu. Mkifungiwa mtaa muulizeni mwenyekiti wa mtaa ratiba ya mkandarasi na nani anapokea malalamiko, tena kwenye mkutano watu wakisikia.

Abaki au arudi? Kwa ninavyoona abaki, ila kwa mkataba mfupi. Ampelekee mwenye nyumba lile ombi kwa maandishi kabla mkataba wa sasa haujaisha, aambatanishe hesabu za mauzo, na akae kimya asubiri jibu. Akijibiwa hapana kwa yote, atafute chumba mtaa wa tatu au wa nne kutoka hapo ambao stesheni nyingine inafikika, wateja wa kusuka watamfuata, na aondoke na picha zake na daftari lake kwa ajili ya yule mwanasheria.